Maswali ya Wasomaji: Stori Iko Kwenye Simu, Kitabu Kitatoka Lini?

Mwezi huu maswali mengi yametoka huku huku kaskazini, Chuga (Arusha) na Moshi, na karibu yote yanazunguka pale pale, mtu kaandika, kitu anacho, hajui akipeleke wapi wala kama kimeiva. Nimechagua machache. Marefu nimeyafupisha, maneno makali kuhusu wachapishaji nimeyapunguza kidogo, na majina siweki kama mlivyoomba.

*"Kaka mambo. Mi ni chalii wa Ngarenaro, mchana napiga toyo usiku naandika. Nina stori ya upelelezi naitoa kwenye grupu la WhatsApp, vipande vya mwanzo bure alafu vinavyofata mtu anatuma buku kwa wiki. Tuko kipande cha 64 saivi na watu wanasema niifanye kitabu. Nimekopi vyote nikaweka pamoja nikampa jamaa mmoja asome, kafika katikati kaacha, anasema inachosha. Sasa inachoshaje wakati kwenye grupu wananisumbua mpaka saa nane usiku wanataka muendelezo?"* Dereva toyo, Ngarenaro, Arusha

Mdogo wangu, kwanza nikwambie kitu ambacho huenda hujakiona: kuna watu wana kadi za biashara zimeandikwa "mwandishi" na hawajawahi kulipwa hata mia na msomaji asiyewajua. We unalipwa buku kila wiki na watu ambao wangeweza kununua bando. Hicho ni kipaji na tena ni soko, usikidharau, na hata usimsikilize anayekwambia stori za mfululizo sio fasihi. Eric Shigongo amejenga jina lake kwa hadithi zilizokua zinatoka kwenye magazeti kipande kwa kipande, watu wanasubiri gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja tu.

Lakini na huyo jamaa yako hajakosea. Msomaji wa grupu anasoma kipande dakika tano kisha anakaa siku nzima au mbili bila kukusoma. Kwaiyo ukimkumbusha ilipoishia anakushukuru, ukimalizia na mtu kawekewa bastola kichwani anakulipa. Sasa chukua hivyo vipande 64 uviunganishe vilivyo: mara 64 tunaambiwa tena inspekta ni mrefu mweusi mwenye kovu, mara 64 mlango unagongwa ghafla. Msomaji wa kitabu anameza vipande kumi kwa mpigo kwenye basi la Dar, hajafika Mombo ameshagundua kwamba bastola zako huwa hazilii, na akishagundua hivyo umempoteza.

Kwaiyo usihariri ile kopi ya simu, utakua unafuta nukta na kurudisha nukta. Chukua daftari la kawaida, kila kipande kiandikie mstari mmoja tu: baada ya hapa, nini kimebadilika? Nani kajua kitu ambacho hakukijua, nani kafa, nani kahama upande. Kipande ambacho huwezi kukiandikia huo mstari, hata kama kilipata makofi mengi kwenye grupu, kinatoka, au ile sentensi yake moja nzuri unaihamishia kwingine. Usishangae 64 zikibaki sura 20 na kitu. Fanya hesabu, kama kipande kina maneno 800 basi una maneno 51,200, na ukurasa wa A5 wenye herufi za kusomeka unabeba maneno 250 hivi, hiyo ni kama kurasa 205. Ukipunguza ukabaki na maneno 38,000 bado una kurasa 150 na zaidi, kitabu kizima kabisa kinachokaa mfukoni mwa koti.

Alafu kuna jambo la upelelezi haswa. Ulipoandika kipande cha kwanza ulikua humjui muuaji, nna uhakika, kwa sababu hata wanaoandika mfululizo kwenye magazeti mara nyingi huwa hawamjui, wanamtafuta pamoja na wasomaji, na pengine yule dada ulitaka afe kipande cha 30 grupu likagoma ukamwacha hai. Sawa. Lakini kitabuni mtu akifika mwisho anarudi nyuma kukagua kama ulimchezea haki, anatafuta ile dalili uliyomfichia sura ya pili. Kama haipo anajiona kaibiwa. Maana yake sura zako tatu za mwanzo zote unaziandika upya ukiwa tayari unajua mwisho, na hii ndo kazi ambayo wengi wanaikimbia. Wanarekebisha tahajia wanasema wamehariri.

Lugha yako ya mtaani usiiue. Wahusika waongee Kichuga chao, konda aongee kama konda, we msimuliaji ndo uwe na mkono mmoja unaotulia, sio mara unaandika kama gazeti mara kama stendi. Emoji na nyotanyota zote toa. Na kila mtu kwenye stori yako asiongee sawa na we mwenyewe, jaribu kufunika majina kwenye mazungumzo uone kama bado unajua nani anasema.

Halafu tafuta watu watatu wa kusoma, wasiwe wa kwenye grupu, na mmoja asikujue kabisa. Usiwaulize "umeipenda?" maana watu wa Arusha tuna adabu zetu, utaambiwa nzuri sana kaka. Waambie waweke alama kila pahali walipoiweka simu chini wakaenda kufanya kitu kingine. Hizo alama zikigongana sehemu moja kwa watu wawili, hapo pana shida, hata kama we unaipenda hiyo sura kuliko zote.

Stori kwenye grupu imalize kwanza, wale wameshalipia. Na kama unafikiria kushindania tuzo au kupeleka kwa mchapishaji, soma masharti yao kuhusu kazi zilizowahi kutoka, maana wapo wanaohesabu hata iliyotoka mtandaoni. Mwisho, simu ya dereva toyo maisha yake nayajua. Leo hii kabla hujalala tuma mafaili yote kwenye barua pepe yako mwenyewe.

*"Habari kaka. Mimi ni mjane, naishi Pasua, nimeandika kitabu kuhusu ujane na ugomvi wa kihamba (shamba la ukoo) baada ya mume kufariki. Nilipata mtu anayejitangaza ni mchapishaji, akasema kitabu ni kizuri sana, nikalipa gharama zote mwenyewe kwa mkopo wa kikoba. Nimeletewa nakala 500. Jalada limefifia sio kama nililoliona kwenye simu, nyingine kurasa zinachomoka. Nimeuza 40 tu, kanisani. Nikiomba faili langu nichape kwingine ananizungusha. Je nimetapeliwa? Nitafute mchapishaji mwingine?"* Mama wa Pasua, Moshi

Pole sana dada, kwa mume na kwa hili. Kuhusu kutapeliwa mi sijui mlikubaliana nini, ila nakueleza kazi inavyokwenda alafu utapima mwenyewe.

Anayebeba hasara ndo mchapishaji. Ni rahisi hivyo. Mchapishaji anasoma mswada wako, akiona utauzika anaweka hela yake: analipa mhariri, analipa msanifu wa kurasa na jalada, analipa kiwanda cha kupiga chapa, anasambaza, na we anakupa mrabaha, mara nyingi kama asilimia 10 hivi ya mauzo. Kwa sababu ni hela yake anakataa miswada mingi sana, na ndo maana hawezi kukwambia kwenye simu siku ya kwanza kwamba kitabu chako kizuri mno tuma hela tuanze. Mtu unayemlipa we ni mpiga chapa au mtoa huduma. Sio dhambi, watu wanaheshimika wamejichapia, Ben Mtobwa alikua na kampuni yake mwenyewe ya Heko na riwaya zake zikasomwa nchi nzima. Ila unapolipa we ndo mchapishaji, we ndo bosi, faili ni lako, na yule fundi anatakiwa aongee na wewe kama fundi anavyoongea na mwenye nyumba.

Sasa tafuta hiyo karatasi mliyosainiana. Kama haipo, kusanya ujumbe wa simu na risiti za M-Pesa, navyo ni ushahidi. Angalia vitu vitatu tu: haki ya kuchapa ni ya nani na kwa muda gani, faili la mwisho ni la nani, na ISBN imetoka kwa jina la nani. Hiyo ISBN watu wanaichukulia kama pambo la nyuma ya kitabu. Ni namba ya tarakimu 13, hapa kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na ndani yake kuna sehemu inayomtambulisha mchapishaji. Kwaiyo kama yule jamaa alikupa kutoka kwenye fungu lake, basi kwenye kumbukumbu mchapishaji wa kitabu chako ni yeye hata kama senti zote zilikua zako. Haimaanishi amekuwa mwenye kazi. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika na haihami mpaka uihamishe kwa maandishi. Kama hukusaini kuihamisha, hata akikunyima faili unaweza kuchapisha toleo jipya, ukaomba ISBN yako, ukatengeneza kurasa upya kutoka kwenye mswada wako. Jalada jipya pia, kwa sababu mchoro wa lile la zamani unaweza kuwa na mwenyewe.

Ila usikimbilie kuchapa tena na boksi zimejaa sebuleni! Nakala 460 bado ni mali. Zipitie moja moja, zinazochomoka weka pembeni, nenda kwa wale wanaofunga ripoti za wanafunzi wa chuo waulize watazipiga gundi upya kwa bei gani. Za wateja walionunua mbovu wabadilishie bila kuombwa, Moshi ni ndogo na maneno yanatembea.

Tuje kwenye kuuza maana hapa ndo wengi wanafia. Tuseme kuchapa kumekula 7,000 kwa nakala, na mhariri na msanifu pamoja wamechukua 600,000, ukigawa kwa 500 ni 1,200, basi kila kitabu kimekusimamia 8,200 kabla hujapanda hata bajaji. Ukikiuza 10,000 mkononi unapata 1,800. Ukikipeleka dukani na duka likataka asilimia 40 ya bei ya jalada, unarudishiwa 6,000, umekula hasara kwenye kila nakala na duka limekusifia. Ukikiandika 15,000 dukani unabaki na faida ya 800, mkononi unabaki na 6,800. Kwaiyo weka hesabu zako halisi hapo, na nadhani zitakwambia vile vile: duka liwe la heshima, nakala tano hivi watu wakuone, ila hela iko mkononi.

Na mkono wako we unajulikana uelekee wapi. Kitabu chako hakihitaji "wasomaji wote", kinahitaji wajane, wanaowasaidia wajane, na mabinti ambao baba zao wana kihamba. Vikoba, jumuiya ndogondogo, umoja wa wanawake kanisani na msikitini, wasaidizi wa kisheria, maofisa ustawi wa jamii. Usiende kutangaza kitabu. Omba dakika kumi uongelee jambo lenyewe, nini cha kufanya wiki ya kwanza, karatasi gani za kuhifadhi, alafu vitabu viko mezani. Kule juu mlimani, Machame, Kibosho, Marangu, hii habari ya kihamba inaongelewa kwa kunong'ona tu, mtu akisimama akaisema kwa sauti watu wananunua. Ila mpe wakili akague yale uliyoandika kuhusu mirathi kabla hujaenda mbali, na kama umewataja mashemeji kwa majina, toleo jipya badilisha.

Siku ukichapa tena, fanya haya. Vitabu huwa vinachapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, kwaiyo kurasa zinakwenda kwa mafungu, mara nyingi ya 16. Ukiwa na kurasa 162 unaweza kulipia mpaka 176, afadhali mhariri akubanie mbili. Jalada lisitengenezwe kabla idadi ya kurasa haijajulikana maana mgongo wa kitabu unategemea unene. Rangi za kwenye kioo cha simu zinang'aa kwa mwanga, za karatasi ni wino, hazitafanana hata ufanyeje, kwaiyo dai prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio, uishike, ikunje, ivute kurasa, ndo usaini. Na anza na nakala 100 zilizochapwa kwa mashine ya kidijitali hata kama bei ya moja iko juu. Mtu akikwambia 500 ni rahisi zaidi, anamaanisha kwa kila nakala. Hela utakayotoa siku hiyo ni nyingi zaidi.

*"Kijana hujambo. Ni mwalimu mstaafu, nipo Marangu. Nimekusanya ngano alizotusimulia bibi kwa Kichagga, nimeziandika kwa Kiswahili, ziko ishirini na tatu. Mpwa wangu anaweza kuchora. Ningependa ziingie mashuleni. Nianzie wapi, na je, naruhusiwa kuzimiliki wakati ni za mababu?"* Mwalimu, Marangu

Shikamoo mwalimu. Hili la mwisho naanza nalo kwa sababu limenifurahisha, wengi hawaulizi. Ngano yenyewe ni ya jamii, hakuna anayeweza kumzuia jirani yako asiisimulie. Lakini maneno ulivyoyapanga wewe ni yako na yanalindwa. Mwishoni weka ukurasa mmoja useme uliisikia kwa nani na kijiji gani, bibi apewe chake.

Ishirini na tatu ni nyingi kwa kitabu kimoja cha watoto. Vitabu vya wadogo huwa vya kurasa 24 au 32, hadithi moja, maneno machache na picha kubwa. Kwaiyo una njia mbili: uchague tatu zenye nguvu kila moja iwe kitabu chake, au zote ziwe mkusanyiko wa wakubwa kidogo, darasa la tano kwenda juu. Mpwa asichore kwanza. Wachapishaji wengi wana wachoraji wao na wanapenda kuamua wenyewe, na mswada ukija umeshachorwa unaweza kukataliwa kwa ajili ya picha wakati hadithi haina kosa. Mwambie achore mbili tatu za mfano, basi.

Kuhusu mashule, vitabu vya kiada vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, huko usipoteze muda. Vya ziada ndo vinaandikwa na watu kama wewe, ila ili vikubalike rasmi vinatakiwa vipate ithibati ya serikali, na hiyo kazi mchapishaji anaijua vizuri kuliko mwandishi mmoja mmoja, hapa ni bora kweli uwe na mchapishaji. Taasisi hiyo hiyo ndo inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu iliyoanza 2022, walianza na riwaya na ushairi baadaye wakaongeza hadithi za watoto. Fatilia wakitangaza, tuma. Umri hauna shida.

Ila kabla ya yote mwalimu, una kitu ambacho waandishi wa Dar wangekilipia. Nenda shule ya jirani, omba kipindi kimoja, wasomee darasa la tatu. Usiwasimulie, maana ukisimulia utaipamba kwa sauti na mikono, we soma tu kilichoandikwa. Watoto wakianza kuchezea viatu, weka alama hapo.

*"Niko form six hapa Moshi, nasoma PCB, muda sina ila naandika hadithi fupi kwa Kiingereza. Rafiki zangu wanasema nikiandika Kiswahili sitafika popote. Ni kweli?"* Mwanafunzi, Shanty Town

Mdogo wangu hizo ni hofu za bweni. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, anaandika kwa Kiingereza na akapata Nobel 2021, lakini angalia kilichofata: sisi wenyewe tulianza kumsoma kwa Kiswahili 2022, wachapishaji Mkuki na Nyota walipotoa tafsiri. Kwaiyo njia zinapita pande zote mbili. Kiswahili nacho kina tuzo kubwa ya kimataifa, ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa.

Swali langu mimi ni tofauti. Mama yako akigombana na muuza ndizi pale Mbuyuni, unamsikia kichwani kwa lugha gani? Kama mazungumzo yako yanakuja kwa Kiswahili we unayatafsiri ndo uandike, basi unafanya kazi mbili na msomaji anapata nusu. Kama kweli yanakuja kwa Kiingereza, andika. Jaribu hadithi moja kwa lugha zote mbili bila kutafsiri, ifunge ya kwanza uandike ya pili kichwa kitupu, linganisha.

Muda wa PCB naujua haupo. Andika nusu ukurasa Jumapili, na usome sana, hadithi fupi zinasomeka hata kwenye foleni ya chakula. Mitihani kwanza lakini, wazazi wako wasije wakanitafuta.

*"Kuna jamaa nataka kumpa stori yangu asome ila naogopa ataiiba. Nisajili wapi kwanza?"* Sakina, Arusha

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu ulipoiandika, huhitaji muhuri, na ulinzi unaendelea mpaka miaka 50 baada ya we kufa. Ukitaka kuwa na ushahidi mzito zaidi sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ila wazo halilindwi. "Kijana maskini anampenda binti wa tajiri" hilo wameshalichukua wote. Kinacholindwa ni maneno yako, kwaiyo yaandike, yatume kwa barua pepe ili tarehe ibaki, alafu mpe jamaa asome. Nimeona stori nyingi zimefia kwenye simu kwa hofu ya wizi kuliko zilizoibiwa.

*"Bro akili mnemba inaandika sura nzima dakika moja, kwa nini nijichoshe?"* Njiro

Iombe ikuandikie ugomvi wa konda na abiria aliyekosa chenji pale Kilombero, alafu usome kwa sauti mbele ya konda. Ukishamaliza kuchekwa tutaongea. Kutafuta makosa ya tahajia tumia, sina ugomvi, japo Kiswahili inakosea na inakosea kwa kujiamini. Ukiamua kutuma sura iliyoandikwa na mashine kwa mchapishaji au kwenye tuzo, soma masharti, wengine wanakataza kabisa, na wasomaji wa miswada wameanza kuinusa haraka, kila mhusika anaongea kama barua ya mkuu wa mkoa.

*"Nimetuma mswada Dar kwa mchapishaji, huu mwezi wa pili kimya. Nimpigie? Au ndo wamekataa?"* Bomang'ombe

Mwezi wa pili bado mapema sana. Kwa kawaida ni miezi mitatu mpaka sita na wakati mwingine zaidi, maana mtu anayesoma miswada ndo huyo huyo anahariri na anapokea simu. Ikifika mitatu andika barua pepe mistari minne: jina lako, jina la mswada, tarehe uliyotuma, unaomba kujua umefikia wapi. Usipige simu asubuhi kila Jumatatu, watakujua kwa sababu isiyofaa. Ila nina wasiwasi na kitu kingine, ulituma nini? Mswada wote peke yake haujitambulishi. Inatakiwa barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa hadithi yote mpaka mwisho wake (ndio, mwambie nani alimuua, mchapishaji sio abiria wa kumfichia), sura tatu za kwanza, na maelezo mafupi kukuhusu. Kama wanataka zaidi wataomba. Na wakikujibu kwamba hawauoni kwenye barua pepe usinune, tuma tena siku hiyo hiyo, na jina la faili liwe jina lako na jina la kitabu, sio "mpya mpya ya mwisho 3".